Jumanne: Shamba Kwanza, Nyumba Baadaye

Soma Mithali 24:27. Ni kazi gani inayotangulia, na kwa nini?

Kijana akirithi ekari mbili, watu humuuliza atajenga lini. Mwenye hekima anamshauri aanze na shamba. Akiuza ekari moja ili ajenge, amepunguza chakula cha kila mwaka. Akilitunza shamba, laweza kumjengea nyumba polepole.

Isaya 28:23-29 yaonyesha kwamba Mungu mwenyewe humfundisha mkulima: wakati wa kulima, mahali pa kila mbegu na namna ya kupura kila zao. Maarifa ya kilimo, basi, ni kipawa chake. Kijana humtii Mwalimu huyu anapopeleka udongo kupimwa, anapobadilisha mahindi na kunde ili kurudisha naitrojeni ardhini, na anapoandika kila shilingi anayotumia. Asiyeandika gharama haijui faida yake, basi atatoaje zaka kwa uaminifu (Law. 27:30)?

Nchi ni mali ya Bwana (Zab. 24:1). Hati ina jina la kijana, lakini yeye ni wakili tu.

Kwa majadiliano: Kanisa lenu linaweza kumsaidiaje kijana anayeshawishika kuuza urithi wake?