Anayeuza Maji Anauza Nini?

Kwa zaidi ya miaka kumi Ziwa Nakuru limekuwa likipanda, likameza lango kuu la mbuga na kuwahamisha watu makwao. Mjini Nakuru, mitaa kadhaa hukaa siku nyingi bila tone kwenye bomba. Maji ya ziwa ni ya magadi, hayanyweki. Yanayonyweka hutoka mto Turasha, upande wa Gilgil, au chini ya ardhi katika visima virefu vya Kabatini, Baharini na Olobanita, ambavyo pampu zake zinakula umeme mwingi. Kisha bili inakuja.

Na ikija, huja na swali la zamani: mvua haikuletwa na kaunti, kwa nini mja alipie alichojaliwa na Mungu?

Wanazuoni wa Kiislamu walilipima swali hili kwa makini. Hadithi mashuhuri inayahesabu maji, malisho na moto kuwa vitu ambavyo watu ni washirika ndani yake. Hata hivyo wengi wao walitofautisha maji ya mtoni na yale yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni. Ya mtoni hayana mwenyewe. Ya chomboni yana jasho la mtu, na jasho lina ujira wake. Inasimuliwa pia kwamba Uthman bin Affan, sahaba wa Mtume Muhammad, alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho mmiliki wake alikuwa akiuza maji, akakifanya wakfu. Kwa wanywaji kikawa cha bure, lakini kuna aliyelipa.

Wamarakwet, katika Bonde la Kerio, walifikia jibu hilohilo kwa njia yao. Mifereji yao ya kumwagilia mashamba, ambayo imedumu karne kadhaa, ni mali ya koo. Wanaume hutoka pamoja kuizibua na kuitengeneza, na asiyetokea hutozwa faini. Haki ya maji inafuata kazi.

Ikiwa kinacholipiwa ni kazi, basi kazi isiyofanyika haina bei, na anayepokea malipo ana deni la kutoa hesabu. Hapo ndipo Nakuru inapopata shida.

Bwawa la Itare, Kuresoi, lilianza kujengwa mwaka 2017 kwa mkopo kutoka Italia ili lipeleke maji Molo, Njoro, Rongai na Nakuru. Mwaka 2018 kampuni iliyopewa kazi, CMC di Ravenna, iliishiwa nguvu za kifedha na ujenzi ukasimama. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na mikataba ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, katika kaunti ya Wamarakwet wenyewe, ambako mabilioni yalitangulia na mabwawa hayakufuata. Desemba 2023 mahakama iliwaachilia huru washtakiwa wa kesi ya ufisadi ya mabwawa hayo mawili, na hakimu akaulaumu upande wa mashtaka kwa namna ulivyoiendesha. Kwa uamuzi huo hakuna aliyepatikana na hatia. Lakini fedha zilitoka kwa umma, na mkulima wa Marakwet angemtoza faini ndugu yake kwa kukosa siku moja tu ya kuzibua mfereji.

Hesabu nyingine iko chini ya barabara. Kwa takwimu za bodi inayodhibiti huduma za maji, WASREB, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaingizi senti: yanavuja, yanaibwa au yanapita kwenye mita mbovu.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta bili. Nia ni njema, ila wa kwanza kunufaika angekuwa mwenye bomba nyumbani na tangi juu ya paa. Mpangaji wa Kaptembwa au Rhonda, anayenunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni, hana bili ya kufutiwa, na kila lita humgharimu zaidi ya jirani mwenye mita. Papa Francis alipozuru Kangemi, Nairobi, Novemba 2015, alikemea kuzinyima familia maji kwa visingizio vya ofisi, hasa pale mtu anapochuma faida kutokana na kiu yao. Kwa mpangaji huyo, haki ni kuvutiwa bomba au kujengewa kioski kabla ya kuzungumzia punguzo.

Lililo gumu zaidi halionekani. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutia floridi katika maji ya visima, na sehemu nyingi hupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Haina rangi wala harufu. Hujulikana meno ya watoto yakishaota rangi ya kahawia. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya miaka mingi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sheria ya biashara katika Uislamu inamkataza muuzaji kuficha kasoro ya bidhaa, na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaahidi maji safi na salama, ya kutosha.

Bei ya maji Kenya haipandishwi kabla wananchi hawajapewa nafasi ya kutoa maoni. Kwenye kikao cha namna hiyo wakazi wa Nakuru wana haki ya kudai mambo matatu kwa maandishi kabla ya kujadili shilingi: kipimo cha floridi cha kila kisima, kiasi cha maji kilichopotea mwaka uliopita, na saa ambazo kila mtaa ulipata maji. Kampuni isiyoweza kuyatoa haijaonyesha bado kazi inayotaka ilipwe.