Ya Kale Hunuka

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Sina ugomvi nao kwa mengine, lakini kwa upande wa kompyuta naomba ruhusa niwapinge. Fungua kasha la kompyuta ya miaka ya 1990 iliyolala stoo miaka ishirini na kitu, na pua itakwambia kabla ya macho: vumbi, panya waliopita, na kapasita zilizovuja zikitoa harufu kama ya samaki wa juzi.

Mimi ni mmoja wa wanaozipenda mashine hizi. Tuko wengi duniani. Wapo wanaotafuta IBM PC ya 1981, wengine hawasikii la mtu kuhusu Commodore 64 ya 1982. Zangu ni zile za prosesa ya 486, iliyotolewa na Intel mwaka 1989, kwa sababu ndizo nilizozikuta kwenye chuo cha kompyuta Nairobi tulipokuwa tukisoma "pakeji": WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase. Tulivua viatu mlangoni. Kila mashine ilifunikwa kitambaa kama kochi la wageni. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4, ambayo picha moja ya simu ya leo yaweza kuijaza yote, na bado tuliiona kama mlango wa dunia.

Sasa swali langu ni hili: je, hamu hii ya zamani ni jambo jema? Usiseme haraka kwamba ni mchezo tu, kila mtu na starehe zake. Hamu ya zamani ina madai ndani yake. Inadai kwamba siku zile zilikuwa bora. Na mtu akidai, anafaa kuulizwa: bora kwa nani?

Wacha kwanza nikueleze kuhusu betri. Kwenye bodi nyingi za enzi hizo kuna betri ndogo yenye umbo la pipa, iliyolehemiwa pale pale. Kazi yake ni kushika tarehe na mipangilio ya mashine umeme ukizimwa. Ikiisha nguvu, kompyuta nyingi za DOS huamka zikidhani ni tarehe 1 Januari 1980. Hilo ni dogo. Unaandika tarehe mpya, maisha yanaendelea. Balaa ni kwamba betri hiyo ya nikeli na kadimiamu huvuja ikizeeka. Majimaji yake hutambaa juu ya bodi, hula njia za shaba na kuacha ukoga wa kijani. Mashine nyingi za 486 hazikuuawa na umeme uliopanda wala kushuka. Ziliuawa na kile kitu kilichowekwa kuzikumbusha saa.

Dawa yake inajulikana. Unaikata betri, unasugua kwa siki nyeupe kwa kuwa uvujaji ule ni wa alikali, unasafisha kwa spiriti, halafu unakaa na mita ukipima njia moja moja. Iliyokatika unaiunga kwa kijiwaya chembamba. Kazi hiyo huwezi kuifanya ukiwa umefumba macho kwa utamu wa kukumbuka. Mwenye hamu tu hupangusa kasha, akapiga picha, akasema "jamani, mnakumbuka?" Fundi hulazimika kutafuta palipooza.

Wapenzi wa mashine hizi hupenda kubishana: ukibadilisha betri, feni, kisanduku cha umeme, na mahali pa diski kuu ukaweka kadi ya kumbukumbu, hiyo bado ni kompyuta ile ile? Mafundi wa majahazi wa Lamu wangecheka. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja leo, mwingine mwakani, likapigwa kalafati upya, na jina likabaki lile lile maadamu linaendelea kubeba. Kwangu mimi hilo si swali gumu. Gumu ni kujua jahazi lilimbeba nani, na lilimwacha nani ufuoni.

Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Walikuwa wanawake kumi na wawili, chumba kizima cha taipureta, na wakubwa waliwapelekea barua zilizoandikwa kwa mkono. Kompyuta zikaingia. Wakubwa wakaanza kuchapa barua zao wenyewe, kwa vidole viwili, polepole kama kuku anayedonoa. Wapiga chapa wakabaki wawili. Shangazi hakuwa mmojawapo.

Siku moja alinitembelea akaikuta mashine mezani.

"Hii si ndiyo ile?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe unaitengeneza?"

"Naitengeneza."

"Haya, mwanangu."

Akavuta kiti, akachapa. Vidole vyake vilikimbia kuliko vyangu vitakavyowahi kukimbia. Alipofika mwisho wa mstari akasita kidogo, mkono umeshainuka, kisha akanitazama. "Haina kengele," akasema.

Hakuwa na hasira, na hakuniomba niitupe. Lakini tangu siku hiyo siwezi kusema "siku zile zilikuwa tamu" bila kujiuliza nani hayumo ndani ya hiyo "sisi" ninayoitumia. Mashine iliyonifungulia mimi mlango ndiyo aliyofungiwa nayo yeye. Kumbukumbu yake ni ya kweli sawa na yangu. Nikiishika yangu peke yake, nina kipande tu.

Tena tuwe waadilifu hata kwa mashine: kompyuta haikumfuta mtu kazi. Wale wanawake kumi walikuwa na vidole vyepesi kuliko yeyote katika jengo lile. Pakeji zile tulizozisoma sisi wangeweza kuzisoma hata wao, na ofisi ingepata wafanyakazi hodari. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua kwamba haifai gharama. Uamuzi huo haumo kwenye bodi, ndiyo maana hamu ya zamani huusahau kwa urahisi. Na tukiusahau, tutaurudia. Leo nasikia maneno yale yale matamu kuhusu akili mnemba, na tena sijasikia mtu akihesabu walio kwenye chumba cha wapiga chapa.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba hamu si dhambi, ila ina deni. Ukikipenda kitu cha jana, unadaiwa habari zake zote, pamoja na zile zisizokupendeza. Ukarabati ni njia moja ya kulipa, kwa sababu unakulazimisha ufungue kasha.

Mafundi wengine hupitisha vijiwaya vya kuungia chini ya bodi ili kazi ionekane safi. Mimi vyangu naviacha juu. Anayefungua aone palipoliwa.