Deni la Bwana Harusi

Ukitaka kumwona mtu asiye na kazi katika shughuli yake mwenyewe, mtazame bwana harusi wa kwetu Tanga. Barua ya posa kaandikiwa, mshenga kaipeleka. Mahari wamekubaliana wazee. Wanawake wana mambo yao ya ndani, singo, hina, mafunzo ya somo, ambayo yeye hata kuchungulia haruhusiwi. Siku ikifika anavishwa joho na kilemba, anasindikizwa kwa dufu, anaketishwa mkekani kama mzigo uliofika salama. Halafu anaambiwa aseme sentensi moja.

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze: "Nimekubali kumuoa fulani binti fulani kwa mahari tuliyoagana." Watu husikiliza kama atakwama kwenye "nimekubali", na akikwama hucheka. Ile "kwa mahari tuliyoagana" inapita kama upepo. Na mahari yenyewe mara nyingi haipo pale. Shehe anauliza, taslimu au deni? Jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba kidogo kimetolewa, kilichobaki ni ahadi. Kwa hiyo ukimvua joho, kazi ya bwana harusi ni kujitangaza mdaiwa mbele ya mashahidi.

Sasa niulize. Ahadi ambayo aliyeitoa, aliyepewa na wote walioisikia wanajua kwamba pengine haitadaiwa kamwe, ni ahadi bado? Au ni adabu tu, kama kumwambia mgeni "karibu chakula" ukijua sufuria ni tupu?

Harusi nyingi duniani zina mdai na mdaiwa, ila mkono unaopokea si mmoja. Panda juu kidogo mpaka Handeni na Kilindi kwa Wamaasai: ng'ombe wanakwenda kwa baba wa binti. India mali ilitoka kwa wazazi wa msichana kwenda upande wa mume, na sheria ya mwaka 1961 ya kuipiga marufuku haijaimaliza. Ngazidja, katika ile harusi kubwa wanayoiita anda, mwanamume anatoa dhahabu na fedha mpaka mji mzima ushuhudie, ndipo anapata haki ya kusema katika mikutano ya wakubwa. Lakini anahamia nyumbani kwa mke, na nyumba ni ya mke. Wayahudi wana hati yao, ketubah, inayosomwa hadharani na kutaja kiasi ambacho mume atadaiwa akimwacha mkewe au akifa.

Sisi wa pwani, kwa dini tuliyoifuata, tulisema mahari ni ya mwanamke mwenyewe. Si ya baba wala ya mjomba. Ukilifikiria ni jambo kubwa: binti anayetoka nyumba moja kuingia nyingine anakuwa, kwa sentensi moja, mtu mwenye mali yake na mwenye mtu wa kumdai.

Halafu tazama tulivyolizunguka. Baba anapata kilemba chake. Mama anapata mkaja na ubeleko, kumlipa mimba na mgongo aliobebea. Bwana harusi akifika mlango wa chumba anawakuta mashangazi na somo wamesimama kama askari wa forodha, wanataka kifungua mlango, na hapo hakuna cha ahadi. Nimeona wanaume wazima wakipekua mifuko ya kanzu na kuwakopa wapambe wao, maana mlango haufunguki kwa deni. Mpishi kalipwa, ukumbi umelipwa, mpiga video kachukua chake nusu kabla ya kuwasha kamera. Katika watu wote wenye haki siku ile, anayeambiwa asubiri ni mmoja tu, na ndiye amekaa kapambwa.

Mtu atanijibu, na ana hoja: mahari ya ahadi ni kinga. Mume anayejua kuna deni juu yake atafikiri mara mbili kabla ya kutamka talaka, na wanazuoni wameikubali kuwa halali. Sipingi. Lakini kinga inafanya kazi ikiwa deni lina uzito na yupo wa kulidai. Shilingi zinayeyuka. Serikali nayo haitamsaidia sana: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaihesabu ndoa kuwa halali hata kama desturi za mahari hazikutimizwa. Jambo jema hilo, hakuna anayetaka watoto wa watu waitwe wa nje kwa sababu ya mahari. Ila matokeo yake ni kwamba ndoa inasimama vizuri kabisa bila deni kulipwa, na kila mtu analijua hilo.

Kuna kitu kingine kinachomziba mdai mdomo, nacho kimo katika fasihi yetu tunayoipenda. Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi aliomwandikia binti yake mwaka 1858, anamfundisha kwamba mwanamke anahitaji radhi ya mume kama anavyohitaji ya wazazi. Naupenda utenzi ule, na simlaumu mama aliyekuwa mgonjwa akimwachia mwanawe alichokijua. Lakini vizazi vya mabinti vimesomewa radhi ya mume, na nani aliwasomea wavulana radhi ya mke? Suratun-Nisaa, aya ya 4, inamruhusu mume kula kile mkewe alichomwachia katika mahari kwa kuridhika nafsi yake. Sharti ni hilo la nafsi kuridhika.

Mume wa shangazi yangu alifia Pangani. Waliozana mwaka 1967, mahari shilingi 600, alipewa 100. Maiti imekwishakafinishwa, wanaume wako barazani wanangoja kunyanyua jeneza, mzee mmoja akaja mlangoni kwa wanawake akauliza, kama inavyoulizwa siku zote: "Bi mkubwa, marehemu ulikuwa na deni lako kwake. Umemsamehe?"

Nadhani hakuna mwanamke aliyewahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo kwa sauti ya upole vile. Ukisema hapana, unamfunga mtu njiani. Mji mzima unasikia. Miaka yote aliyokuwa hai na mshahara anaupokea hakuna aliyeuliza.

Shangazi akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wanangu wapo. Wamlipie baba yao."

Minong'ono ikaanza. Roho ngumu, kwa hela ya pipi! Binamu yangu mkubwa akatoa noti mfukoni, nyingi kupita 500 ile, zikapelekwa ndani, mzee akarudi barazani, jeneza likanyanyuliwa. Siku ya tatu, hitima ikisomwa, shangazi akazitoa fedha zile zote sadaka kwa ajili ya mumewe.

Wapo mpaka leo wanaosema alijisumbua bure: si angesamehe tu, thawabu ni ile ile? Mimi sikubaliani. Kusamehe alikoombwa pale mlangoni kulikuwa kumeshaamuliwa na watu wengine, yeye alitakiwa aitikie tu, kama bwana harusi mkekani. Fedha zilipoingia mkononi mwake zikawa zake kweli, na alichofanya nazo alikiamua yeye. Nilimuuliza mwenyewe baadaye, akanikata: "Mwanangu, nilimpenda mume wangu. Hilo halina uhusiano na zile mia tano."

Mpwa wangu anaoa Mfungo Mosi, Ngamiani. Kamati imeshakutana mara mbili na daftari la michango limejaa: ukumbi, pilau, gari la maharusi, sare za wapambe, hata keki, ambayo wazee wetu hawakuijua. Nikaomba daftari, nikatafuta mahari. Haikuwemo. Nikaambiwa, ah, hiyo ni ya ahadi, Mjomba, tusichanganye mambo. Nimependekeza keki itoke, na pesa yake iingie kwenye mahari, apewe binti taslimu siku ya nikahi. Katibu amesema hawezi kuamua peke yake, atawauliza akina mama Jumapili.