Je, Mambo ya Kale Yana Heshima Kuliko ya Juzi?

Huku kwetu Goma, mtu akikukuta njiani hukuuliza, "Unakwenda wapi?" Ukimjibu, "Siendi popote, nazunguka tu, kisha narudi nilikotoka," atakutazama kama mtu aliyeshikwa na homa. Maana hapa watu hutembea kwa sababu. Huyu ana bidoni ya maji kichwani, yule anasukuma chukudu yenye gunia la makaa, na wengine wengi tumewaona wakitembea kwa kuwa risasi zilikuwa nyuma yao. Miguu ya watu wetu ina kazi nyingi mno, haina nafasi ya matembezi ya bure.

Hata hivyo, Jumapili moja ya kiangazi cha mwaka 2025, baada ya Misa, sisi watu saba, wazee wawili na vijana watano, tulifanya matembezi hayo ya bure. Tulishuka Mugunga kwenye barabara ya Sake, tukapanda mpaka ukingo wa Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani lililo ndani ya shimo la volkeno ya zamani. Tulikusudia kulizunguka kwa juu, kuteremka kwa kupita vijiti na mashamba mpaka upande wa Bulengo karibu na Ziwa Kivu, kisha kurudi barabarani pale pale tulipoanzia. Tulikuwa tumewaahidi vijana kwamba njiani tutawaeleza habari za watu wa kale wa nchi yetu. Kumbe njia yenyewe ilikuwa imetuwekea swali ambalo hatukulitayarisha.

Kwanza tuwaambie wasomaji wetu wa mbali jambo moja. Mtu asiyejua sehemu zile asitembee ovyo katika mabonde madogo, hasa asubuhi kabla ya upepo. Humo mna mazuku, yaani gesi ya kaboni itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hulala chini kama maji yasiyoonekana, na imeua kuku, mbuzi na watu. Kwa hiyo sisi tulikaa juu ya kingo, na vijana wakatii, jambo ambalo si la kila siku.

Tulipofika juu tukaketi, ziwa likiwa chini yetu, Nyiragongo nyuma yetu imejifunika wingu. Hapo mzee mmojawapo akaanza habari ya Ishango. Vijana wetu husoma habari za Wagiriki na Wamisri, lakini wachache wajua kwamba katika mkoa wetu huu huu wa Kivu ya Kaskazini, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, walikaa wavuvi wa kale sana. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, mtaalamu wa miamba, Jean de Heinzelin, alichimba mahali pale. Akakuta machusa ya mfupa yenye meno, mifupa ya samaki na wanyama, mifupa ya watu pia, na kimfupa kimoja cha urefu wa sentimita 10 hivi. Ncha yake ilipachikwa kijiwe cha kwatsi chenye makali, na ubavuni kilikuwa na mikato midogo midogo iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Ukijumlisha safu moja utapata 60, nyingine 60 tena, na ya tatu 48.

Mikato hiyo ilikuwa ya nini? Hapo ndipo wenye elimu walipogombana. De Heinzelin mwenyewe alidhani ni mchezo wa hesabu. Mwingine, Alexander Marshack, akasema ni kalenda ya mwezi. Claudia Zaslavsky wa Marekani akauliza kama si mwanamke aliyekuwa akihesabu siku zake. Wengine hunena kwamba labda ni mikato tu ya kuzuia mkono usiteleze. Aliyechanja hayupo wa kuulizwa. Kimfupa hicho sasa kimehifadhiwa Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Sayansi za Maumbile, nacho hutunzwa kwa uangalifu ambao watoto wengi wa Goma hawajapata kuuona.

Basi tukaondoka, tukashuka. Njia ikapita katika mashamba yaliyokuwa yakitayarishwa kungoja mvua za Septemba, na mara tukajikuta tunatembea juu ya kambi.

Tunasema "juu ya kambi" maana kambi yenyewe haikuwapo tena. Wasomaji wanakumbuka vita iliyoanza upya mwisho wa mwaka 2021, jinsi watu wa Rutshuru na Masisi walivyomiminika kuja kuzunguka Goma, wakajaza Bulengo, Lac Vert na Lushagala. Mwaka 2025 vita ikaingia mjini mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili makambi yakavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Turubai zilichukuliwa, vijiti vilichukuliwa. Kilichobaki ni kile asichoweza mtu kukibeba mgongoni: duara za mawe meusi zilizozuia turubai zisipeperushwe na upepo, vijia vilivyokanyagwa mpaka vikawa vigumu kama sakafu, na kila mahali mafiga, matatu matatu, yenye masizi upande wa ndani.

Mama mmoja alikuwa akilima hapo, shamba lake mwenyewe la tangu zamani. Tulimwamkia, akaitika. Alikuwa akiyaondoa mawe na kuyapanga kando, mengine kwa ajili ya ukuta. Kijana mmoja akamsaidia kubeba, na alipogeuza figa moja akatuita. Upande usiopigwa na moto mtu alikuwa amechora kwa msumari mistari midogo iliyosimama. Tulihesabu 23 kwa safu moja, na chini yake 9.

Mabishano yakaanza papo hapo. Mmoja akasema ni siku za kungoja mgawo wa unga. Wa pili akasema ni bidoni za maji alizokopa kwa jirani. Msichana mmoja akasema ile 9 ni miezi, na mama mwenye jiko hili alikuwa mjamzito. Mzee akacheka akasema labda ni mtoto aliyejifunza kuhesabu, akachoka alipofika 23. Tulikuwa tumesimama katika duara, watu saba na mama mwenye shamba, tumeinamia jiwe, na ghafla tukatazamana. Kwa maana tulikuwa tukifanya yale yale ya wenye elimu wa Brussels, ila hili halikuwa na umri wa miaka 20,000. Halikutimiza hata miaka minne.

Hapo ndipo kijana yule aliyeligeuza jiwe akauliza, "Mwalimu, kwa nini ule mfupa umewekwa katika kioo, na hili linakwenda kujengwa ukuta?"

Labda msomaji ataona jibu ni rahisi: ule ni wa kale, hili ni la juzi. Lakini tufikiri polepole. Je, ni miaka inayokipa kitu heshima? Mwanzoni walidhani mfupa wa Ishango una miaka michache zaidi. Baadaye, kwa uchunguzi mwingine, wakaona ni kama 20,000. Basi siku ile walipobadili hesabu, mfupa uliongezeka nini? Mkono ulioukata ni ule ule, wala mikato haikuzidi hata mmoja. Tena karibu na Ishango, mahali paitwapo Katanda, yalichimbwa machusa ambayo wachimbaji wake waliyahesabia miaka 80,000 na zaidi, yaliyotumika kuvulia kambare wakubwa. Kama umri ndio heshima, tuseme mvuvi wa Katanda ni mtu mara nne kuliko mvuvi wa Ishango? Hasha. Milima ina umri kuliko wote hao, na hatuivulii kofia.

Mwingine atasema: vya kale hutunzwa kwa kuwa ni vichache. Neno hili lina ukweli, wala hatulikatai. Kule Laetoli, Tanzania, zimekutwa nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi juu ya majivu ya volkeno yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Baada ya kuchunguzwa zikafunikwa tena kwa udongo na mawe zisiharibike. Ni haki, maana ni nyayo chache sana. Mwezi wa tano mwaka 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na siku chache baadaye mji kuamriwa kuhama, watu wasiohesabika walitembea kwa barabara hii hii ya Mugunga mpaka Sake, magodoro vichwani. Nani ahifadhi nyayo za umati ule? Na mafiga ya kambi nzima tukiyaweka katika kioo, mama yule apande maharagwe wapi? Shamba ni lazima lilishe. Alikuwa na haki kuyaondoa mawe, na sisi tulimsaidia kuyaondoa.

Kwa hiyo hatusemi jiwe lile lingepelekwa Brussels. Lakini uchache ni sababu ya kutunza kitu. Heshima tunayoiuliza hapa ni ile apewayo mtu, na mtu hapungui kwa kuwa wenzake ni wengi. Tukiusifu mfupa wa Ishango, twasifu nini kama si kwamba hapo palikaa mtu, tena mwenye akili, aliyejali jambo fulani hata akalihesabu? Huo si ukale. Huo ulikuwako pia Bulengo, ndani ya turubai, kwenye figa la tatu.

Na hapa twafika mahali panapotuuma. Vijana hawakuliona kwanza, ni mzee aliyelisema, akiwa ameketi juu ya lile rundo la mawe. Akasema, "Walipokuwa hapa, nani kati yetu alipanda njia hii?" Tukanyamaza. Kwa miaka ile yote tulipita barabarani, wengine kwa pikipiki, wengine ndani ya gari, tukiona turubai nyeupe zimefunika kilima kama uyoga. Tulitoa michango, ndiyo, gunia la maharagwe, nguo zilizochakaa. Twakiri kwamba tulikuwa tukilalamika pia: miti inakwisha kwa kuni, bei zinapanda, wezi wameongezeka. Lakini kutembea kwa mguu katika vijia vile, kumsalimu mtu mlangoni pake na kumwuliza, "Mama, unahesabu nini?" hilo hatukulifanya. Tumekuja kutazama pasipokuwa na mtu tena. Twasimama juu ya jiko lake na kubashiri habari zake, kana kwamba naye alikufa zamani za kale.

Mvuvi wa Ishango hawezi kuulizwa, wala hakuna kosa la mtu katika hilo. Wataalamu wabashiri, hawana njia nyingine, na kubashiri kwao ni namna ya kumheshimu. Lakini yule wa Bulengo aliweza kuulizwa kila siku, kwa lugha tunayoijua, na mtu yeyote mwenye miguu. Kama hatujui mistari 23 ni ya nini, si miaka iliyotuficha.

Ardhi ile imeona hayo mara nyingi, na hii si mara ya kwanza sisi kupita kando. Pale Mugunga, mwaka 1994, waliwekwa wakimbizi kutoka Rwanda, na kipindupindu kikaua katika makambi ya Goma maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Ardhi yetu ni jiwe la volkeno, majembe yalishindwa kuchimba makaburi. Leo watu hupita wakienda sokoni. Hatuwalaumu, mtu hawezi kuishi akililia kila jiwe. Hata mji wetu uliofunikwa kwa sehemu mwaka 2002, pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, tumeujenga upya juu ya lava ile ile na kwa mawe ya lava ile ile. Kusahau kidogo ndiko kulikotuwezesha kupaka chokaa tena. Ila yako masahau mawili: kuna kumsahau mtu uliyemjua, na kuna kutomjua kabisa, kisha kuita hali hiyo kusahau. Ya pili ni ya uongo.

Msichana yule aliyenena habari za miezi tisa ndiye aliyemgeukia mama mwenye shamba. Akamwuliza, "Mama, hapa alikuwa anakaa nani?"

Sisi wakubwa tulikuwa tumesimama naye karibu saa nzima, wala halikutujia wazo la kumwuliza. Mama akaweka jembe chini. Akasema alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa Masisi, mwenye watoto wanne na mama mkwe asiyeona vizuri. Kwamba walikuwa wakigombana mwanzoni kwa sababu ya shamba, maana kambi ilikalia maharagwe yake, kisha wakazoeana. Kwamba jioni alikuja kuomba moto, na siku nyingine mwenye shamba alikwenda kuomba chumvi. Jina lake alilitaja, lakini sisi hatutaliandika hapa pasipo ruhusa yake. Habari za mistari hakuzijua. "Sikuiona," akasema, "iko upande wa ukuta."

"Na sasa yuko wapi?"

Akasema aliondoka na wengine katika mwezi wa pili. Lakini kijana wake mkubwa alikuwa na simu, na namba ameiweka. Akaifungua ncha ya kitenge chake, akatoa simu ndogo, akampa msichana atafute, kwa kuwa macho yake na herufi ndogo hayapatani. Tukapiga. Iliita kwa muda mrefu, haikupokelewa. Tukapiga tena, ikawa hivyo hivyo.

Jua lilikuwa limeinama juu ya Ziwa Kivu, na barabara ilikuwa bado mbali. Tuliliacha lile jiwe juu ya rundo, upande wenye mistari ukitazama nje, mama akiahidi kutolijengea mpaka mwisho wa mwezi. Namba tumeiandika katika daftari. Msichana anapiga kila Jumapili baada ya Misa.