Binti Apewe Chakula



Katika Injili ya Marko, sura ya 5, zimo habari mbili zilizofungwa pamoja. Yairo, mkubwa wa sinagogi, alimjia Yezu akaanguka miguuni pake, kwa sababu binti yake alikuwa karibu kufa. Yezu akafuatana naye, na watu wengi wakamsonga njiani. Katika kundi lile alikuwamo mwanamke aliyeteswa na ugonjwa wa kutoka damu miaka 12. Alikuwa amezunguka kwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote, wala hakupata nafuu. Aligusa vazi la Yezu kwa siri, akapona. Kisha, walipofika nyumbani kwa Yairo, binti alikuwa amekwisha kufa. Yezu akamshika mkono, akamwinua. Binti yule alikuwa na umri wa miaka 12.

Watu wengi wanapohadithia mwujiza huo hukoma hapo. Lakini Injili haikomi hapo. Yezu aliwaagiza watu wa nyumba ile wampe binti chakula. Lifikirini sana agizo hilo. Bwana aliyekwisha kushinda mauti mbele ya macho yao hakuidharau sahani ya chakula. Alijua ya kuwa mtoto aliyelala mgonjwa ana njaa. Kumfufua binti kulikuwa kazi yake. Kumpikia aliwaachia wazazi.

Basi mafundisho ya leo ni juu ya kazi hiyo waliyoachiwa wazazi.

Kamba ya nyuzi tatu

Mwangalieni tena yule mwanamke wa njiani. Je, alikuwa maskini kwa sababu ya uvivu? Hapana. Ugonjwa uliingia kwanza, umaskini ukafuata nyuma yake. Kila mganga alichukua sehemu ya mali yake, mpaka akabaki mikono mitupu.

Mambo ya namna hiyo yanajulikana katika kila kijiji. Mtoto anashikwa na homa kali. Baba anauza mbuzi apate kulipa dawa. Msimu wa kupanda unafika, na fedha ya jembe na ya mbegu haipo. Shamba linakuwa dogo, chakula kinapungua. Fedha ya daftari haipo pia, na binti mkubwa anaambiwa abaki nyumbani kumbeba mdogo wake. Miaka michache inapita, anaolewa angali mtoto. Anazaa kabla mwili wake haujakomaa. Karatasi anayopewa kwenye kituo cha afya hawezi kuisoma. Mtoto wake naye anashikwa na homa, na mambo yanaanza tena tangu mwanzo.

Njaa, ugonjwa na ujinga ni nyuzi tatu zilizosokotwa kuwa kamba moja. Anayevuta uzi mmoja tu huona zile mbili zimeukaza. Mtoto mwenye njaa hasikii masomo. Mtoto mgonjwa hashibi hata akila. Na mama asiyejua kusoma hupata shida nyingi kuwalinda wote wawili.

Lakini watu wengine husema: «Maskini ni maskini kwa makosa yake. Ukimpa fedha atainywa.» Neno hilo ni zito, kwa maana linafunga mikono ya wenye kusaidia, tena linamwaibisha mwenye kusaidiwa. Je, ni la kweli? Wenye elimu wamelichunguza, na habari yao yafaa kusikilizwa.

Yaliyofanyika Meksiko

Meksiko ni nchi kubwa ya Amerika, inayopakana na Marekani upande wa kusini. Wengi wa watu wake ni Wakatolika, na wanavijiji wake hulima mahindi, ambayo hupikwa kuwa mikate myembamba iitwayo tortilla. Mwisho wa mwaka 1994 fedha ya nchi ile ilianguka thamani, na mwaka 1995 taabu ikazidi. Zamani serikali ililipa sehemu ya bei ya tortilla na ya maziwa, ili maskini wapate kununua. Lakini ilionekana kwamba msaada huo ulifika zaidi kwa watu wa mijini. Maskini wa vijiji vya mbali walipata kidogo sana.

Mwaka 1997 serikali ilianza njia nyingine, iliyoitwa Progresa. Mmoja wa walioitunga ni Santiago Levy, mtaalamu wa uchumi aliyekuwa na kazi kubwa katika wizara ya fedha. Njia hiyo haikuvuta uzi mmoja. Ilivuta zote tatu kwa pamoja. Familia maskini ilipewa fedha taslimu, na fedha hiyo iliwekwa mikononi mwa mama wa nyumba. Mama naye alikuwa na wajibu wake: watoto wahudhurie shule siku 85 katika kila siku 100 za masomo, watoto wadogo wapelekwe kupimwa, mwenye mimba aende kuangaliwa, mama mwenyewe asikilize mafundisho ya afya. Watoto wadogo na wanawake wenye mimba walipewa pia unga wa lishe. Na tena, katika shule ya sekondari msichana alipewa fedha nyingi kuliko mvulana, kwa sababu wasichana ndio waliokuwa wakiacha masomo upesi.

Wenye kutunga njia hiyo hawakutaka kujisifu bila ushahidi. Walichagua vijiji 506. Kwa kura, vijiji 320 vilianza kusaidiwa mwaka 1998, na vijiji 186 vilingoja mpaka karibu mwisho wa mwaka 1999. Ni kama mkulima anayetia mbolea shamba moja, na shamba la jirani lenye udongo ule ule analiacha kwanza, apate kujua kama mavuno yameongezeka kwa mbolea au kwa mvua tu.

Mavuno yalionekana. Hesabu ilifanywa ya watoto waliomaliza mwaka wa 6 wa shule ya msingi, umri ule ule wa binti wa Yairo. Katika vijiji vilivyosaidiwa, wasichana walioendelea na sekondari waliongezeka karibu 15 katika kila 100, na wavulana 6 au 7. Baada ya miaka 2 ugonjwa wa watoto wadogo sana ulipungua kwa zaidi ya theluthi. Watoto walikuwa warefu kwa karibu sentimeta 1 kuliko wenzao wa vijiji vilivyongoja, na waliopungukiwa damu walikuwa wachache zaidi kwa robo nzima. Uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga wa vijijini vilipungua kwa karibu 17 katika kila 100.

Na je, fedha ilinywewa? Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya uchunguzi 19 wa nchi mbalimbali juu ya jambo hilo hilo. Waliona kwamba kwa kawaida maskini wanaopewa fedha hawaongezi matumizi ya pombe na tumbaku. Katika Meksiko familia zilikula karibu robo tatu ya fedha zile, na sehemu iliyobaki zikaitia katika mifugo na kazi za shamba, hata mapato yao yakakua. Watu wale hawakukosa akili wala bidii. Walikosa mahali pa kukanyagia.

Mipaka ya msaada

Yafaa kusema pia yale yasiyotimia, kwa maana nusu ya ukweli ni ndugu ya uongo. Watoto wengi zaidi walikwenda shule, lakini mitihani ya kwanza waliyopewa haikuonyesha kwamba wamejua mengi kuliko wenzao. Fedha humfikisha mtoto mlangoni pa darasa. Mle ndani anahitaji mwalimu mwenye juhudi, na vitabu. Tena safari za kituo cha afya na mikutano viliwaangukia akina mama, ambao tayari walikuwa na mzigo wa kuni na maji.

Njia ile ilibadilishwa jina mara mbili, mwaka 2002 na mwaka 2014, ikasaidia familia zaidi ya milioni 5. Mwaka 2019 serikali mpya iliifunga, ikaweka misaada mingine badala yake. Basi msaada wa serikali ni kama mvua: huja, tena hukatika. Mwenye busara hufurahi inaponyesha, naye huchimba kisima kungali na maji.

Katika Kongo

Mwasomaje habari hii ninyi mlio katika vijiji vya Kongo? Mtasema: «Huku mama hapewi fedha na serikali kwa kumpeleka mtoto shule.» Ni kweli. Lakini kuna mambo yaliyobadilika. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Miaka mingi neno hilo lilibaki katika karatasi, na wazazi walichanga fedha za walimu. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 serikali ilianza kulitimiza. Watoto waliokuwa nyumbani walirudi, na madarasa mengi yakajaa kupita kiasi. Daftari, mavazi, na malipo ya sekondari vingali juu ya wazazi. Mzigo haujaisha, lakini umepungua.

Basi, panapotokea nafasi moja tu na watoto wawili, wengi humchagua mvulana. Husema: «Binti ni wa watu wengine, kumsomesha ni kumwagilia shamba la jirani.» Sikilizeni, akina baba. Yairo alikuwa mtu mkubwa, mwenye heshima mbele ya watu wote. Alipiga magoti mavumbini, mbele ya kundi zima, kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya binti. Hakusema: «Ni msichana tu.» Na Yezu hakumwambia arudi alete mtoto wa kiume. Aliacha njia yake, akaenda.

Tena yale shamba la jirani linayoyazaa hurudi nyumbani kwenu. Binti aliyesoma ndiye atakayewalea wajukuu wenu. Ndiye atakayesoma karatasi ya dawa, vijiko vingapi, mara ngapi kwa siku. Ndiye atakayejua siku ya chanjo bila kukumbushwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mlezi wa kwanza ni mama.

Msingoje fedha ya serikali kwa kufanya yaliyo mikononi mwenu. Baba anayeuza mihogo sokoni aweze kumwonyesha mke wake fedha aliyopata, wapange wote wawili: hii ya chumvi, hii ya sabuni, hii ya daftari, hii ya kuweka kwa siku ya ugonjwa. Mama asingoje homa siku tatu; ampeleke mtoto mapema kwenye kituo cha afya, kwa maana ugonjwa uliocheleweshwa ndio unaouza mbuzi. Anayepika ugali na sombe aweke pia maharagwe au samaki mdogo katika sahani ya mtoto, asiwape wakubwa vyote vyenye nguvu. Na majirani waweke akiba ya pamoja, kila juma kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye mgonjwa leo atasaidiwa. Kesho atamsaidia mwingine.

Tena anayemwona mwenzake ameanguka katika umaskini asimwulize kwanza: «Umekosa nini?» Yezu hakumwuliza mwanamke yule kwa nini amemaliza mali yake kwa waganga. Alimwita binti yake, akamwacha aende kwa amani.

Maswali na majibu

Swali: Je, umaskini ni adhabu ya dhambi ya mtu?
Jibu: Sivyo. Wengi huangushwa na ugonjwa, njaa na kukosa masomo, wala si kwa kosa lao.

Swali: Mambo gani matatu hufungana katika nyumba ya maskini?
Jibu: Njaa, ugonjwa na ujinga. Yafaa kuyapiga yote kwa pamoja.

Swali: Uchunguzi wa Meksiko umefundisha nini?
Jibu: Kwamba familia maskini ikiaminiwa na kusaidiwa, hulisha watoto, huwapeleka shule, na huongeza kazi yake.

Swali: Yezu aliwaagiza nini watu wa nyumba ya Yairo?
Jibu: Wampe binti chakula. Ndiyo kusema, wazazi wautunze uzima walioupokea.

Azimio la juma hili

Mnajiandaa kupokea Batizo. Siku ile mtaulizwa mbele ya watu wote kama mnaamini, nanyi mtajibu. Lakini jibu moja mwaweza kulitoa jioni hii, bila shahidi ila Mungu. Mkifika nyumbani, hesabuni watoto wenu wote, wasichana kwa wavulana. Waangalieni mmoja mmoja: ni nani aliyelala bila kushiba? Ni nani anayekohoa tangu juma lililopita? Ni nani aliyeacha shule?

Mkimkuta mmoja, mwanzeni kwake. Yezu amemshika mkono tayari. Ninyi mpeni chakula.