Mafuta ya Cheni Kwenye Diski

Kijana mmoja wa Rongo alikuwa akiteremsha magunia ya karanga kwa baiskeli hadi sokoni Homa Bay. Baiskeli yake ya mtumba ilikuwa na breki za diski za waya, na wenzake wenye breki za mpira walimwonea wivu. Ya nyuma ilipoanza kulia, akachukua chupa ya mafuta ya cheni, akadondoshea diski. Kelele ikakoma papo hapo.

Breki nayo ikakoma kushika. Padi hunywa mafuta, na zikishayanywa, kufuta diski pekee hakuzirudishi. Yeye akadhani waya umelegea, akaukaza mpaka mkono wa breki ukawa mgumu. Kosa hili naliona baya kuliko la kwanza, maana humdanganya mtu kwamba breki imepona. Katika breki nyingi za aina hii za bei nafuu, padi moja tu ndiyo husogea. Ya pili imesimama, na husogezwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita. Hata kama tatizo ni padi kulika, ukilifidia kwa kukaza waya tu, kiwiko kinachovutwa na waya kwenye kalipa, kifaa kinachobeba padi, kinakuwa kimeshavutwa kabla hujashika breki, na mwendo wake huisha padi hazijabana.

Alivuka Rodi Kopany na gunia nyuma, pale barabara inapoanza kuinama kuelekea ziwani. Akashika breki, mkono ukagota kabla padi hazijabana. Ya mbele haikutosha kwa uzito ule. Matatu ilikuwa ikipanda, naye akachagua mtaro. Alivunjika mfupa wa bega. Karanga ziliokotwa na watoto.

Fundi aliyeletewa baiskeli aliinusa diski kwanza. “Omera, nani alikwambia hii hupakwa mafuta?”

Padi akazitupa. Diski akaiosha kwa spiriti, akaikausha kwa kitambaa safi bila kuigusa tena kwa vidole, kisha akatia padi mpya. Akaulegeza waya mpaka kiwiko kikarudi mahali pake, ndipo akaubana upya. Padi iliyosimama akaisogeza karibu na diski, pakabaki upenyo wa unene wa karatasi. Kisha akalegeza bolti mbili za kalipa, akabana mkono wa breki, akazikaza kwa zamu kidogo kidogo huku ameubana. Gurudumu likazunguka bila kukwaruza. Padi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza, kwa hiyo akampa kaka wa yule kijana baiskeli aiendeshe bila mzigo kwenye tambarare, akipunguza mwendo mara nyingi, mpaka zikaanza kuuma.

Kelele yenyewe huletwa na vumbi, kalipa iliyokaa upande, diski iliyopinda au bolti zilizolegea. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa mafuta.

Nawe unayepakia kesho asubuhi, inama kwanza uchungulie padi zako. Zikibaki chini ya milimita 1 juu ya bati lake, nunua nyingine kabla ya kuondoka.