Faida ya Haraka na Dhima ya Mwenye Kujua

Tangu magari yaliyokwisha kutumika Japani yaanze kushushwa kwa wingi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, limezuka tabaka la watu ambao kazi yao si kuunda gari wala kulitengeneza, si kuliendesha wala kulikodisha, bali ni kulinunua asubuhi na kuliuza kabla ya jua kuchwa, na baina ya kununua huko na kuuza huko ikapatikana faida ambayo mwalimu wa shule haioni kwa kazi ya miezi. Wapo wanaowahusudu watu hao na wapo wanaowalaani. Na wanaowalaani aghalabu huielekeza lawama yao kwenye haraka ya faida, kana kwamba riziki ijayo upesi ni haramu na ile ijayo polepole ndiyo halali. Mimi siafikiani nao. Ubaya wa biashara hii, pale palipo na ubaya, nauona katika elimu ambayo muuzaji anayo na mnunuzi hana, na katika namna elimu hiyo inavyofichwa ili igeuzwe fedha.

Dini ya Kiislamu, ambayo imelea masoko ya pwani hii kwa karne nyingi, haikuiwekea faida kikomo cha hesabu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari habari ya Urwa al-Bariqi, sahaba aliyepewa dinari moja na Mtume (S.A.W.) amnunulie kondoo, akaenda akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarejea na kondoo na dinari pamoja. Mtume hakumkemea kwa kupata faida ya mia kwa mia katika safari moja ya kwenda na kurudi, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Basi kijana anayenunua Probox kwa bei ya haki, akaiosha, akamtafuta mtu anayeihitaji, akaiuza siku ile ile kwa bei iliyo juu zaidi, hana la kuonea haya: amewakutanisha mwenye kitu na mwenye haja, na kuwakutanisha watu ni kazi inayostahili ujira.

Lakini habari hiyo hiyo, iliyo hoja ya kuihalalisha faida, ni hoja kali dhidi ya kile kinachoitwa mjini cha juu. Urwa alikuwa wakili, na faida aliyoipata kwa werevu wake mwenyewe aliirejesha yote kwa mwenye dinari. Dalali wa leo huambiwa na mwenye gari kwamba anataka laki nane, naye humwendea mnunuzi akamwambia kwamba mwenyewe anataka laki tisa na nusu. Kisha hupokea ujira wake kwa mwenye gari, na asante yake kwa mnunuzi, na juu ya yote hayo laki moja na nusu ambayo hakuna hata mmoja wao ajuaye kuwa ipo. Wakili ni mwaminiwa, na kilichozidi katika mali ya watu ni chao. Angelitaja ujira wake waziwazi tangu mwanzo, hata ungalikuwa mkubwa, angelikula halali. Kwa kuuficha na kusema uwongo amekula khiyana.

Sasa tuitazame elimu niliyoitaja. Sheria ya Japani humlazimu mwenye gari jipya kulipeleka kukaguliwa baada ya miaka 3, na tangu hapo kila baada ya miaka 2, kwa gharama isiyo ndogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi wa huko kuyauza magari yao yangali na nguvu. Gari likifika kwenye mnada, mkaguzi hulizunguka na kuliandikia karatasi: hulipa daraja kwa tarakimu, huchora umbo lake na kutia herufi kila mahali penye mkwaruzo au bonyeo, huandika kilomita zake, na kama limepata ajali likatengenezwa kiunzi chake, hulitia herufi R badala ya daraja. Karatasi hiyo moja ina ukweli ambao mnunuzi wa Nakuru au Morogoro angefurahi kuulipia, na aliyeliagiza gari anayo, kwa sababu aliitegemea hiyo hiyo alipolinunua. Lakini gari lifikapo yadi, karatasi imepotea, au imeandikwa upya. Lenye R limekuwa la daraja la 4.5, na kilomita 180,000 zimekuwa 78,000 kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kwa dakika chache. Fundi bodi amepiga puti penye kutu na rangi juu yake, taa ya onyo imekatwa isiwake, na injini inayokula oili imetiwa oili nzito ili isitoe moshi siku ya majaribio.

Vyombo hivi ni vipya, ila hila yenyewe ni ya kale. Katika Arabuni walikuwapo wafugaji ambao, walipotaka kumuuza ngamia au kondoo, waliacha kumkama siku kadhaa na kumfunga chuchu, hata kiwele kikajaa na mnunuzi akadhani kwamba hayo ndiyo maziwa yake ya kila siku. Mtume aliikataza hila hiyo, na hakuishia kwenye kukataza, bali alimpa aliyedanganywa hiari ya siku tatu: akitaka atamzuia mnyama, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Tazama, ewe msomaji, jinsi hukumu hiyo ilivyo na insafu kwa pande zote mbili, kwa kuwa hata muuzaji mdanganyifu hakunyimwa thamani ya maziwa yake. Na tazama kwamba muuzaji yule huenda hakutamka neno hata moja la uwongo; alikiacha kiwele kiseme. Mwenye kurudisha kilomita nyuma hufanya vivyo hivyo, huku akijiambia kwamba yeye hakuulizwa na wala hakusema.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye Minhaj yake imesomwa na wanafunzi wa fikihi wa mwambao huu kizazi baada ya kizazi, aliipanua hukumu hiyo. Alisema kwamba mwenye kuyazuia maji ya kinu cha kusagia, kisha akayafungulia wakati wa kuuza ili yaonekane ni mengi, naye pia amempa mnunuzi haki ya kurudisha. Lakini mwenye kumpaka mtumwa wino nguoni ili adhaniwe kuwa ni katibu (zama hizo watu waliuzwa, na twamshukuru Mola kwamba mlango huo umefungwa), kwa kauli iliyo sahihi zaidi hakumpa mnunuzi hiari, kwani alama hiyo ni dhaifu na mnunuzi alikuwa na wasaa wa kuuliza na kujaribu. Nimeifikiri sana tofauti hiyo, na naiona ni ya watu waliolijua soko. Kuliosha gari, kulipiga nta, kulitia manukato na kulifunika viti vipya ni wino nguoni: kila mtu mzima anajua kwamba kitu kiuzwacho hupambwa. Kilomita zilizorudishwa, kiunzi kilichovunjika na kufichwa, na oili nzito ndani ya injini ni maji yaliyozuiliwa. Mnunuzi hawezi kuyajua kwa kutazama, na akiyauliza atajibiwa kwa alama ile ile iliyoghushiwa.

Wengi hujikinga kwa sharti moja waliandikalo katika mkataba, kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na baada ya hapo hakuna madai. Sharti hili lahitaji kuchunguzwa, kwa sababu waumini wengi hulitia sahihi wakidhani limewatua mzigo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kwa kauli yenye nguvu, sharti la kujivua na aibu za kitu humwokoa muuzaji katika sura moja tu: aibu iwe ya ndani, iwe katika kiumbe hai, na muuzaji awe hakuijua. Hoja yao ni kwamba kiumbe hai hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na hali yake hubadilika, na ni mara chache akakosa ila iliyojificha. Yuko atakayesema kwamba injini nayo ina tumbo lisiloonekana, basi na ifananishwe na mnyama. Na tukubali mfano huo kwa muda. Bado sharti la tatu limesimama palepale, awe hakujua. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba Ibn Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua, mnunuzi akamwona mtumwa ana maradhi, wakashtakiana kwa Khalifa Uthmani. Naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuwa akiyajua maradhi hayo. Ibn Umar alikataa kuapa, akamchukua mtumwa wake, akapona, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Kiapo hicho ndicho kipimo ninachokitaka yadini. Muuzaji asiyeweza kuapa kwamba hakujua hana ruhusa ya kujificha nyuma ya maneno kama lilivyo, hata yakiandikwa na wakili na kupigwa mihuri mingapi.

Husemwa pia kwamba mnunuzi ameridhika mwenyewe. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, ametuhadithia juu ya Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa nguo, aliyekwenda kusali akamwachia duka mtoto wa ndugu yake. Akaja bedui, akauziwa kwa dirhamu 400 vazi la dirhamu 200. Yunus alikutana naye njiani, akalitambua vazi lile, akamrudisha dukani na kumpa dirhamu 200, ingawa bedui mwenyewe alisema kwamba kwao vazi kama lile lina thamani ya 500 na kwamba yeye yu radhi. Kijana naye alijitetea kwamba mnunuzi alilichukua kwa ridhaa yake. Ami yake akamuuliza kama angeliridhika nafsini mwake kwa hayo aliyomridhia mwenzake. Ghazali anakiri kwamba kupandisha bei pasipo hadaa si dhuluma, ila ni kuiacha ihsani, na mimi nakiri naye. Lakini ridhaa ya asiyejua huthibitika katika kile alichokiona tu. Ile R iliyofutwa karatasini haikupata kuridhiwa na mtu.

Yuko pia mdhulumiwa mwingine ambaye hatajwi, naye ni yule aliyeuza kwanza: mjane anayeliuza gari la marehemu mumewe ili alipe karo, asiyejua bei ya soko, akaendewa nyumbani na mnunuzi wa kwanza aliyemwambia kwamba magari ya namna ile hayanunuliwi tena. Mtume alikataza misafara isilakiwe njiani kabla haijafika sokoni, na aliyeuza njiani akapewa hiari afikapo sokoni na kuijua bei. Kumwendea mjane mlangoni kwa uwongo ni kuulaki msafara.

Tena gari si vazi. Kiunzi kilichoungwa vibaya huachana kwenye mteremko wa barabara, na mkoba wa hewa uliokwisha kupasuka katika ajali ya kwanza, kisha ukafunikwa kwa plastiki, hautapasuka tena katika ajali ya pili. Anayeyajua hayo na akayaficha ameweka roho za watu rehani kwa faida yake, na hapo sina tena nafasi ya kupima wala kusawazisha.

Sheria za nchi zetu, zilizotokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1893 kuhusu uuzaji wa bidhaa, kwa sehemu kubwa humwachia mnunuzi ajihadhari, na aliyekikagua kitu hana madai juu ya aibu ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuifichua. Aliyedanganywa aweza kushtaki, lakini mtu aliyekopa chama cha akiba kununua Vitz yake hana fedha za kesi. Kwa hiyo mzigo umebaki kwenye dhamiri ya muuzaji.

Na aliyekwisha kuuza kwa hadaa afanye nini? Istighfari pekee haimtoshi, kwani hii ni haki ya mja, na haki ya mja haifutwi mpaka irejeshwe au isamehewe. Imehadithiwa kwamba mshirika wa Imamu Abu Hanifa aliuza nguo yenye aibu akasahau kuibainisha, wala hakumjua tena mnunuzi. Imamu akaitoa sadaka fedha yote ya nguo ile. Muuzaji wa gari hana udhuru huo, kwa maana jina la mnunuzi limo katika mkataba na namba yake imo katika simu. Basi na ampigie leo, amweleze alichokificha, na amwachie achague baina ya kulirudisha gari na kurejeshewa tofauti ya bei.